Juu ya Wasichana Wanaoanguka

Katika muhula uliopita maneno mawili yalisikika sana hapa shuleni petu. La kwanza ni "mapepo", na la pili ni "anajifanya". La kwanza lilikuwa midomoni mwa wanafunzi, wapishi na baadhi ya wazazi. La pili lilikuwa midomoni mwa walimu wenzangu, na baadhi yao ni watu ninaowaheshimu sana kwa elimu na utu wao. Nathubutu kusema kwamba maneno yote mawili yametudhuru, na kwamba hili la pili limetudhuru zaidi. Nafundisha baiolojia, tena ni mlezi wa bweni. Kwa hiyo jambo hili nimeliona mchana na usiku. Namshukuru mhariri kwa kunipa kurasa hizi, maana si habari ambayo shule hupenda kuichapa katika gazeti lake karibu na matokeo ya michezo.

Kwa wazazi walio mbali, habari yenyewe ni hii. Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, wakati wa kujisomea, mwanafunzi wa Kidato cha Pili alianguka kutoka kitini, akatetemeka mwili mzima, akawa haitiki aitwapo. Kabla ya kengele ya kulala wengine wanne walikuwa wameanguka. Kufikia mwisho wa juma walikuwa 23. Hawakuwa na hali moja. Wengine walipiga kelele na kulia. Wengine walikakamaa vidole. Wengine walikaa tu wakitazama ukuta, wasimtambue hata mwenzao wa kitanda cha jirani. Walipozindukana, wengi walisema hawakumbuki lolote. Mmoja aliniambia kwamba yeye alikumbuka, ila aliona kama yuko darini, akiwatazama watu wakimshika msichana mwingine chini, na msichana yule alikuwa ni yeye mwenyewe.

Kisha ikaja fujo. Kundi la watu wenye nia njema lilileta kipaza sauti, likakemea mapepo mbele ya shule nzima iliyopangwa mistari uwanjani. Siku hiyo hiyo wakaanguka wengine 9. Siku ya pili yake fimbo ikatumika juu ya wale waliodhaniwa kukwepa jaribio la hesabu. Na yule wa kwanza kuanguka akapewa jina. Ati ndiye aliyeyaleta mapepo kutoka kwao. Hakuna aliyetaka kulala karibu naye wala kuchota maji kwa ndoo yake. Akarudishwa nyumbani "mpaka apone".

Anayedhani kwamba mambo haya yamezuka juzi kwa sababu ya simu za mkononi na asome habari za Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962, majuma machache tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha walianza kucheka, wakawa hawawezi kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Wakarudishwa makwao. Huko Nshamba, walikokuwa wanatoka baadhi ya wasichana wale, watu 217 walipatwa katika miezi ya Aprili na Mei. Shule ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, na mwezi Juni ikafungwa mara ya pili. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza jambo hilo, wakaandika habari zake mwaka 1963. Walipima damu, wakachunguza na chakula. Hawakupata sumu wala kijidudu. Hakuna aliyekufa. Na walimu wa shule ile hawakupatwa hata mmoja.

Watu wa nchi za nje hupenda kuisimulia habari ya Kashasha kama kichekesho: eti huko Afrika watu waliambukizana kicheko. Mtu akisoma walichoandika madaktari wale haoni furaha yoyote. Kicheko kilichanganyika na kilio. Hali hiyo ilimshika mtu kwa saa chache, na wengine hata siku 16. Mgonjwa hakuweza kutulia, na akishikwa kwa nguvu alipigana. Wengine walisema wanaona kama vitu vinatembea ndani ya kichwa, au kwamba kuna mtu anawafukuza. Hawa walikuwa watoto wenye hofu, na hofu yao ilipata mlango wa kutokea.

Na mwezi Oktoba 2023, huko Kakamega nchini Kenya, wasichana zaidi ya 90 wa shule moja ya sekondari walipelekwa hospitali, miguu ikitetemeka na kutembea kukiwashinda. Video zao zikaenea kila mahali, na watu wakaanza kubuni jina la virusi vipya. Baada ya vipimo maofisa wa afya walisema ni histeria.

Sipendi neno hilo, na nitaeleza sababu. Asili yake ni neno la Kigiriki la mji wa mimba. Watu wa kale wa Ulaya waliamini kwamba mwanamke akianguka au akipotewa na sauti, ni mji wake wa mimba uliohama mahali pake. Madaktari wa akili wameliacha katika orodha zao za magonjwa, ila magazeti hayajaliacha, wala sisi walimu. Ukimwambia baba kuwa binti yake ana "histeria", anachosikia ni kwamba binti yake hana adabu.

Mmoja wa watu wa kwanza kulieleza jambo hili vizuri alikuwa mwalimu wa sekondari, nami kama mwalimu hulifurahia hilo. Pierre Janet alifundisha falsafa katika shule ya mji wa Le Havre, Ufaransa, na saa za mapumziko aliwachunguza wagonjwa mjini humo. Mwaka 1889 alichapisha kitabu juu ya mambo ambayo mtu huyafanya bila kujitambua. Baadaye akasomea udaktari, akafanya kazi katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris. Fikira yake twaweza kuifananisha na mzigo wa kuni. Kumbukumbu zetu, hisia zetu, mwendo wa viungo vyetu na kule kujijua kwamba "mimi ni mimi", yote hayo yamefungwa pamoja kwa kamba moja. Mtu akipatwa na hofu au majonzi yaliyozidi nguvu zake, kamba hulegea. Kuni hazipotei; zote zipo, ila hazishikamani. Kumbukumbu ikawa huku, mwili ukawa kule. Wataalamu wa leo wanaiita hali hiyo disosiesheni. Mimi nitaiita kutengana kwa akili.

Kutengana huko kuna ngazi, na ngazi ya chini kabisa tunaifahamu sote. Umewahi kusoma ukurasa mzima wa historia ukafika chini usijue umesoma nini. Umewahi kutembea kutoka sokoni hadi nyumbani ukashangaa kujikuta mlangoni. Huo si ugonjwa. Ngazi ya pili ni kuona dunia kama ndoto, sauti za watu zinatoka mbali, mikono yako kama si yako. Haya huwapata watu wengi mara moja moja, hasa wakikosa usingizi, wakiwa na hofu kubwa, au wakivuta bangi, nayo hupita. Ngazi za juu ndizo zile tulizoziona: kuanguka, kutetemeka, kupooza mguu usio na jeraha, kupotewa na sauti, kusahau saa nzima au siku nzima, na kunena kwa jina lisilo lako.

Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu waliniuliza swali zuri: ikiwa ni akili, vidole vinakakamaa kwa nini? Jibu liko katika somo la upumuaji. Mtu mwenye hofu huhema haraka haraka bila kujua. Anapohema hivyo anatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko inavyotakiwa, na hewa ile ikipungua katika damu, hali ya damu hubadilika. Matokeo yake ni ganzi vidoleni na kuzunguka midomo, kizunguzungu, kifua kubana, vidole kujikunja, na kuona mambo kama si ya kweli. Sasa msichana akiviona vidole vyake vinajikunja asijue sababu, hofu inazidi, naye anahema zaidi. Wenzake hamsini wanaomzunguka wakipiga mayowe wanaanza kuhema kama yeye. Hapo hapahitajiki pepo wala kijidudu. Panahitajika macho tu, na kundi la watu wenye hofu moja.

Hofu ile moja ni ipi basi? Hapa ndipo nisipokubaliana na wenzangu wanaosema yalikuwa mambo ya siku moja yakaisha. Kutengana kwa akili ni kama homa. Homa si ugonjwa kamili, ni dalili, na daktari akiona homa huuliza ya nini: malaria, jipu, au kitu kingine. Vivyo hivyo kutengana kwa akili huandamana na kiwewe cha mambo mabaya yaliyompata mtu, na wasiwasi uliozidi, na sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, ambayo humfanya mtu akose usingizi na hamu ya kula, na mwisho aone heri kufa. Katika kitabu chao kikuu cha mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani walitaja wazi kwamba wako wagonjwa wa kiwewe ambao dalili yao kubwa ni hii ya kujiona nje ya mwili, au kuona dunia si ya kweli. Kwa hiyo mwanafunzi aangukaye mara ya tatu na ya nne wakati wenzake wamekwisha pona, huyo anatuambia jambo. Huenda kafiwa. Huenda kuna mtu huko nyumbani, au hapa shuleni, anayemfanyia uovu usiosemeka. Huenda amekuwa akifikiria kujidhuru. Katika wale 23, wengi walipona kwa siku chache na hawajaanguka tena. Wanne waliendelea, na wote wanne, walipokaa na mtu wa kuwasikiliza, walikuwa na habari nzito ambayo hawakupata kumwambia mtu mzima yeyote. Sitazitaja hapa, wala mtu asinijie kuniuliza.

Nije sasa kwa neno "anajifanya".

Wenzangu hunena hivi: msichana akimwagiwa maji huamka, akiachwa peke yake hutulia, akisikia mtihani umeahirishwa hupona. Kwa hiyo anajua afanyalo. Hoja hii ina nguvu mbele ya macho, lakini haisimami. Kwamba hali hutulia watu wanapoondoka yathibitisha tu kwamba hofu ya watu ndiyo iliyokuwa ikiikuza. Na anayetaka kudanganya hawezi kutetemeka kwa dakika 40 mpaka misuli ikamuuma siku mbili. Lakini hata kama tungekubali kwamba mmoja au wawili waliiga ili warudishwe nyumbani, na sikatai kwamba yawezekana, fimbo itatuonyeshaje ni yupi? Atalia aliyeiga na atalia asiyeiga. Na mtoto anayetamani kurudi nyumbani kiasi cha kujitupa sakafuni mbele ya watu, je, huyo hana la kuulizwa?

Wako pia wasemao ni ugonjwa wa wasichana. Hao nawakumbusha Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918. Katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji maelfu ya askari, wanaume wenye misuli, walipooza miguu pasipo jeraha, wakawa mabubu, wakawa vipofu hali macho yao ni mazima, wakatetemeka wasiweze kushika kijiko. Mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika habari zao katika jarida la madaktari la Uingereza. Wakubwa wengi wa jeshi walisema neno lile lile letu: wanajifanya. Askari 306 wa majeshi ya Uingereza walipigwa risasi na wenzao katika vita hiyo kwa makosa ya utoro, woga na mengineyo ya namna hiyo, na yaaminika kwamba miongoni mwao walikuwamo wagonjwa wa namna hii. Mwaka 2006 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwasamehe wote. Miaka 90 baadaye!

Kuhusu mapepo nitasema kwa uangalifu, maana shule yetu ni ya serikali na ina watoto wa dini zote, nami sina haja ya kumtoa mtu katika imani yake. Dua na sala vina nafasi yake, na msichana aliyetulizwa na kisomo au na zaburi ametulizwa kweli. Hata Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linasema kwamba mtu kupandisha pepo katika ibada au mila inayokubaliwa na watu wake haihesabiwi kuwa ugonjwa. Yahesabiwa pale inapomjia bila kutaka, ikamtesa na kumwondolea uwezo wa kuishi maisha yake. Mwaka 2010 watafiti waliofanya kazi kusini-magharibi mwa Uganda walichapisha habari za watu waliokwenda kwa waganga wakisema wameingiwa na pepo. Walipowalinganisha na jirani zao wasio na pepo, waliona kwamba wale wa pepo walikuwa na dalili nyingi zaidi za kutengana kwa akili, na pia walikuwa wamepatwa na mambo mengi zaidi ya kutisha maishani. Maana yake ni kwamba neno "pepo" mara nyingi ni chombo kinachobebea msiba ambao haukupata jina lingine.

Wazee wa pwani walilijua hilo kwa njia yao. Katika ngoma za pepo mganga hamkemei tu mgonjwa. Humketisha kitini, humwuliza pepo: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Na pepo husema. Husema mume ni mkali, husema nguo hakuna, husema mama mkwe anamwonea. Mambo ambayo mwanamke yule asingethubutu kuyasema kwa kinywa chake mwenyewe, pepo huyasema mbele ya jamaa wote, na jamaa hulazimika kusikiliza. Siandiki haya ili shule iite ngoma. Wala siwatetei waganga wanaofukiza pilipili, wanaopiga, wanaomshindisha mtu njaa, na wanaotoza mbuzi watatu kwa mzazi maskini, kama alivyotozwa baba wa msichana wetu. Nasema tu kwamba mganga wa zamani aliuliza, "Unataka nini?" Sisi wenye shahada tulikuwa na wasichana 23, na kwa siku 6 swali hilo halikuulizwa na mtu.

Lakini asitokee mtu akasema kwamba mwalimu wa baiolojia ameandika kuwa kila aangukaye ni akili tu. La hasha! Malaria iliyopanda kichwani huangusha. Homa ya uti wa mgongo huangusha. Sukari ikishuka katika damu huangusha, na kifafa huangusha. Kwa sababu hiyo aangukaye mara ya kwanza sharti apimwe na tabibu, hata kama tumeona kumi kabla yake. Wauguzi wana alama zao za kutofautisha. Mathalani, katika kifafa macho mara nyingi huwa wazi na dege lenyewe huisha kwa dakika moja au mbili, na katika kutengana kwa akili macho mara nyingi hufumbwa na tetemeko hudumu na kupungua na kurudi. Hata hivyo alama hizo zaweza kudanganya, na mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili. Mwanafunzi mwenzake hana kazi ya kuamua. Kazi yake ni kuondoa kiti na ndoo karibu yake, kumlaza ubavu, kutotia kijiko wala kitu chochote mdomoni, na kutazama saa. Dakika 5 zikipita, gari la shule liwashwe.

Kwa maoni yangu shule yetu yafaa ibadili mambo machache, tena mengine hayana gharama. Aangukaye aondolewe kimya kimya, abaki na mtu mzima mmoja anayemjua na rafiki mmoja asiyeogopa. Wengine warudi vitabuni. Kengele ya dharura isipigwe. Mkutano wa shule nzima usiitishwe. Masomo yaendelee siku ileile, maana shule inapofungwa hofu husafiri na watoto hadi vijijini, kama Nshamba ilivyotufundisha. Anayetaka kuombewa na aombewe na kiongozi wa dini yake, chumbani, kwa sauti ya kawaida. Picha zisipigwe kabisa. Na hili nawaambia hata walimu, kwa kuwa picha iliyosambaa hapa mjini mwezi Aprili haikupigwa na mwanafunzi, wanafunzi hawana simu.

Na usingizi. Kengele yetu ya asubuhi hulia saa kumi na nusu alfajiri, na taa huzimwa saa nne na nusu usiku, na Kidato cha Nne hubaki na tochi chini ya shuka mpaka saa sita. Mtoto wa miaka 15 alalaye saa sita au tano kila usiku hana akiba ya nguvu ya kuzuia hofu. Najua wazazi wanataka daraja la kwanza, nasi twataka bango la shule liwe na sura nzuri. Ila nimetazama daftari la wagonjwa la matroni: katika wale 23, walioanguka kati ya saa mbili usiku na taa kuzimwa ni 17. Naomba kamati ya taaluma ilijadili hilo kabla haijaongeza kipindi kingine cha usiku kama ilivyopendekezwa.

Baba wa yule msichana wa kwanza alikuja ofisini mwanzoni mwa muhula huu. Alisafiri kwa basi siku nzima kuuliza kama nafasi ya mwanawe bado ipo, au jina limefutwa. Mkuu wa shule alimjibu kwamba jina lipo. Msichana amekwisha onwa katika hospitali ya mkoa, ambako tabibu wa afya ya akili huonana naye kila wiki mbili, na kwa majuma 7 hajaanguka. Nimeandika haya kwa idhini ya baba huyo na ya binti mwenyewe. Mtihani wa taifa wa upimaji wa Kidato cha Pili ni mwezi Novemba, naye atarudi kabla yake. Viranja wa bweni, nawaomba siku hiyo asipokelewe na kundi langoni, wala asihojiwe. Mwenye ndoo na amwazime ndoo.

Limebaki jambo la chumba. Mwalimu wetu wa ushauri ana vipindi 28 kwa juma, na huonana na wanafunzi chini ya mwembe, mbele ya dirisha la jiko, ambako kila apitaye huona nani analia. Nani atasema la moyoni mahali pale? Ile stoo ya zamani ya madaftari kando ya maktaba haina kitu ila viti vibovu na panya. Inahitaji kitasa, pazia, viti viwili na rangi ya chokaa. Mkutano wa wazazi utakuwa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, na jambo hilo nimeliandikisha kuwa la nne katika ajenda. Ufunguo anao mtunza stoo, anayetaka kukiona chumba na amwombe.